Kichwa cha Arop Kisimame

Ukiingia katika ofisi ya Filomena Napeyok mjini Lodwar, kitu cha kwanza kukuvuta jicho hakikuwa bendera wala picha ya ukutani. Kilikuwa ekicholong, kile kigoda cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana, na akilala hukiweka chini ya shingo ili kichwa chake kisiguse mavumbi. Kilikuwa cha marehemu baba yake. Yeye hakukikalia. Mwanamke hakalii ekicholong, na Napeyok, pamoja na shahada yake na gari la serikali, alikuwa bado anajua kisichokaliwa. Alikiweka juu ya kabati, kinang'aa mafuta ya shingo ya mzee. Vijana wa ofisini walikicheka chinichini. Kijana wa siku hizi akiona kitu cha babu yake huuliza kwanza kama watalii watakinunua.

Huyu Napeyok alikuwa kaimu mkuu wa idara ya serikali ya watoto na jamaa katika Turkana nzima. Ukaimu ulimkaa muda mrefu hata neno lenyewe likawa kama jina la ukoo. Nairobi waliahidi kumthibitisha, wakasahau, wakaahidi tena. Yeye aliendelea na kazi. Mtoto aliyeokotwa barabarani Kalemng'orok, msichana aliyekimbia kuozwa Lowarengak, mjane aliyenyang'anywa wanawe na shemeji: shauri la kila mmoja lilipita mikononi mwake, na hakuna aliyelalamika kwamba alipitishwa mbio.

Alizaliwa upande wa Lopur siku ambayo boma lilikuwa na wageni, ndiyo maana akaitwa Napeyok. Akiwa hajang'oa meno ya utoto ikaja njaa ile iliyoitwa Lopiar, maana ilifagia mifugo kama mtu anayefagia uwanja. Mama yake alikufa, baba akiwa mbali akiifuata mifugo iliyosalia. Watu walikusanyika Kakuma kwenye uji wa msaada, na muuguzi mmoja mgeni akataka kumpeleka yule yatima kwenye nyumba ya watoto huko Kitale. Wanawake watatu wakasimama, kila mmoja akisema mtoto ni wake. Muuguzi akacheka, akawaambia kupitia mkalimani kwamba mtoto ana mama mmoja tu. Mkubwa wao akajibu kwamba pengine kwao ni hivyo, ndiyo sababu wanahitaji nyumba za yatima. Akamshika Napeyok mkono wakaondoka. Enzi hizo mtoto hakuwa na ofisi kwa sababu kila moto uliowaka ulikuwa ofisi yake.

Sasa, mwaka ule uliokuja kumtoa Lodwar, wafadhili walijenga makao mapya ya watoto nje ya mji, yenye malango ya chuma na bembea ambazo jua lilizifanya zisishikike. Mkurugenzi wa idara alikuwa anakuja kutoka Nairobi kuyafungua mbele ya wageni wa nje. Makao yalikuwa na kila kitu isipokuwa watoto. Kila wiki simu ililia kumuuliza kaimu amepata wangapi, kana kwamba watoto ni mbuzi wa kutafutiwa mnada.

Ndipo likazuka jambo la Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Élisabeth, mama wa Kikongo aliyekuwa akijitolea kutembelea familia kambini, alifika nyumbani kwa Nyibol, mwanamke wa Kidinka mwenye watoto watatu, Ayak, Chol na Manyang mdogo. Alimuuliza Ayak, binti mkubwa, baba yake ni nani. Akajibiwa ni Arop. Arop yuko wapi? Alikufa vitani, kabla mama hajaolewa. Élisabeth akadhani hakusikia vizuri. Akauliza, basi yule mwanamume anayeezeka paa ni nani?

"Huyo ni Lueth," Ayak alisema. "Anasimamisha kichwa cha baba."

Élisabeth alikuwa ametoka kwenye vita ambako aliona kwa macho yake watu wanafanya nini na vichwa vya wenzao. Alikwenda moja kwa moja kutoa taarifa kwamba ndani ya nyumba ile kuna kichwa cha maiti kimesimamishwa, na watoto wanatumiwa katika uchawi. Askari walikuja na sururu. Walichimba sakafu yote huku majirani wamejaa uwanjani. Walichopata ni kibuyu cha maziwa kilichopasuka na kiatu kimoja. Lakini gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, na gari la serikali likiwashwa halipendi kurudi tupu. Watoto watatu wakapelekwa Lodwar, kwenye yale makao yenye bembea.

Nyibol na Lueth walihangaika mpaka wakapata kibali cha kutoka kambini, wakafika Lodwar wakiwa vumbi tupu. Napeyok aliwaamkia, "Ejok," akawapa viti, akaagiza chai kwanza. Wasaidizi wake walitaka aanze maswali. Aliwaambia mtu mwenye kiu hujibu kiu, hajibu swali.

Lueth alikuwa mrefu, mwenye chale za kuingia ujana usoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, lakini kilinyooka kuliko cha mawakili. Akaeleza kwamba Arop alikuwa kaka yake. Aliuawa akiwa kijana, hajaoa, hana hata mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Mtu wa namna hiyo, kwao, amelala kifudifudi. Kwa hiyo ukoo ulitoa ng'ombe kwa jina la Arop, Nyibol akaolewa na Arop, na Lueth akaishi naye badala ya kaka yake. Watoto ni wa Arop.

"Mimi iko simamisha kichwa ya ndugu yangu," alisema. "Isilale kwa mchanga."

Napeyok aliinua macho kwenye kabati, kwenye ekicholong cha baba yake. Kisha akamwita Élisabeth, ambaye alikuwa ameitwa kutoka kambini kutoa maelezo na sasa ameketi ukumbini, amejikunyata kwa aibu tangu habari ya kiatu ienee kambi nzima. Akamweleza. Élisabeth akaanza kulia, akaomba msamaha kwa Nyibol. Nyibol akamwambia hana neno naye, ila sakafu yake aje aisiribe mwenyewe. Ikawa wa kwanza kucheka ni Élisabeth.

Mkurugenzi alipowasili kwa ndege, siku moja kabla ya ufunguzi, hakucheka. Alikuwa mtu mpole wa maneno, na watu wa namna hiyo ndio wagumu kuwakataa. Alimsikiliza Napeyok hadi mwisho, akasema mila ni kitu kizuri, yeye mwenyewe huvaa shanga siku za utamaduni. Lakini sheria haimjui baba aliyekufa kabla ya mimba. Akatoa njia rahisi. Lueth atie sahihi kwamba yeye ndiye baba, apimwe damu, achukue watoto leo hii. Akikataa, basi watoto hawa hawana baba, mama anaishi na mwanamume asiye mumewe, na kesho wageni watawakuta kwenye makao. Aliongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba barua ya kumthibitisha kaimu iko kwenye begi lake.

Napeyok aliwapelekea wale wawili maneno hayo jinsi yalivyo, hakuyapaka asali. Wengi wangetia sahihi. Kalamu haiumi. Na yeye moyoni alitamani watie, maana mambo yangekwisha, kila mtu akarudi kwake na barua yake.

Lueth alitikisa kichwa kukataa. Akasema risasi ilimuua kaka yake mara moja, na karatasi haitamuua mara ya pili kwa mkono wake.

Basi macho yakamgeukia Nyibol. Tumbo lililowabeba ni lake, na watoto walikuwa nyuma ya lile lango la chuma, yule mdogo hali chakula. Alikizungusha kikombe mikononi hata chai ikafanya utando.

"Mimi niliolewa na Arop," alisema mwishowe. "Sijaachika. Mama, nipe watoto wangu na jina lao."

Alimwita Napeyok mama, ingawa hawakupishana sana umri.

Napeyok aliinuka, akamfuata mkurugenzi alipokuwa akipimisha utepe kwenye lango. Alimwambia kwamba maadamu shauri halijafika mahakamani, uwezo wa kumrudisha mtoto kwa jamaa yake uko kwa mkuu wa idara wa eneo, na leo mkuu huyo ni yeye.

"Madam, fikiria kazi yako," mkurugenzi alisema.

"Nimeifikiria. Kazi yangu ni watoto na jamaa. Hii unayofungua wewe ni ya watoto bila jamaa, nami sikuajiriwa huko."

"Na baba nitaandika nani?"

"Arop. Kwani wewe jina la baba yako ulilipimisha damu?"

Fundi aliyekuwa akipaka rangi nguzo alikohoa, akageuka upande wa pili. Napeyok alimwamuru mlinzi afungue lango. Mlinzi alimtazama mkurugenzi, akamtazama kaimu, akafungua; alikuwa mtoto wa Lodwar na alijua kesho atakutana na nani sokoni. Watoto walitoka. Manyang alikuwa bado amevaa fulana ya makao yenye maandishi ya wafadhili. Nyibol alimvua, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye bembea.

Napeyok aliwarudisha Kakuma mwenyewe kwa gari la ofisi, akawakabidhi mbele ya wazee wa Kidinka, akataja kwa sauti jina la kila mtoto na la Arop baada yake, ili majirani waliokuja kutazama sururu waje kusikia na hili. Élisabeth alikuwa amekwisha kufika na ndoo ya udongo.

Makao yalifunguliwa na watoto wa kuazima kutoka shule ya jirani, wakaimba, wakapewa soda, wakarudi kwao jioni. Barua iliyokuwa kwenye begi haikutolewa. Ilitoka nyingine: nafasi ya Lodwar imepata mtu, na Filomena Napeyok anahamishiwa Lowarengak, kwenye kituo kidogo cha mabati kando ya ziwa, chini ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi.

Mrithi wake alifika amevaa suti katika joto lile. Napeyok alimkabidhi funguo, gari na kabati. Ekicholong hakukikabidhi. Yule kijana, kwa adabu, akamwambia huko Lowarengak atapata shida, hakuna hata makao ya kupeleka watoto.

"Ndiyo maana nakwenda," Napeyok alisema, akakitia kigoda kwapani, kichwa chake juu, akatoka.