Mti wa Mpaka Chumbani Mwangu

Mtu akiniambia mimea ya ndani inaleta afya, simbishii. Tulipokimbia vita vya Beni na wanangu, tukapanga chumba hapa Butembo, usingizi ulinikataa kabisa. Mlango wa jirani ukigongwa, moyo wangu ulikwenda mbio. Muuguzi alinipima presha, akatikisa kichwa, akanipa vidonge vilivyonifanya nisinzie kanisani na kukodoa macho kitandani. Tumaini langu lilibaki moja: kiwanja changu kule Beu, mtaa wa Beni, fungu alilonigawia baba mwenyewe akiwa hai. Hali ikitulia, ningerudi kujenga. Mdogo wangu wa kiume alibaki Beni akinilindia.

Ndiye aliyeniletea mmea. Alishuka kwenye pikipiki na beseni la udongo lililofungwa kwa kamba za mpira, ndani yake mti wa mpaka, ule wenye majani marefu yaliyochongoka. Kwetu hakuna asiyeujua. Hupandwa pale ardhi ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanza, na haung'olewi hadi wenye ardhi wakubaliane mbele ya wazee; anayeupokea ukiwa umeng'olewa huhesabiwa ameiachia ardhi. Kukata tawi lake si kosa. Basi akasema amekata tawi kwenye kiwanja changu na kuliotesha, ili nilale karibu na kwetu, na kwamba redioni alisikia majani kama hayo yanasafisha hewa ya chumba. Nililia kwa furaha. Nilijiona nina ndugu kuliko wanawake wote wa mtaa.

Na kweli nililala. Kama ilikuwa hewa au ni ile kazi yenyewe, sijui. Asubuhi, kabla ya kelele za watoto, nilipangusa majani kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani, na kifua kilichokuwa kimebana kikaanza kuachia. Nikaongeza begonia kwenye makopo ya maziwa, nikaweka shubiri dirishani. Presha ikashuka, hata muuguzi akaniuliza nakunywa dawa gani. Nikawa mhubiri wa mimea. Kina mama wa kwaya walinicheka, kisha wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba miche.

Siku beseni lilipopasuka, niliutoa mti ili niuhamishie kwenye ndoo. Nikakung'uta udongo, nikaitazama mizizi. Tawi lililooteshwa huwa na vimizizi vyembamba. Huu ulikuwa na kisiki kinene kama mkono wangu, na mizizi ya miaka mingi iliyokatwa kwa jembe. Hakuna aliyekata tawi. Mtu alikuwa ameng'oa mpaka wangu, akaniletea niumwagilie maji.

Nilimpigia simu, hakupokea. Kesho yake nilipanda gari kwenda Beni. Kwenye kiwanja changu nilikuta nyumba yenye mabati mapya, na nguo za watoto nisiowajua zimeanikwa kwenye kamba. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti, akawaita wazee walioshuhudia akiuziwa, akamwita na mdogo wangu. Huyo akaja na shati lililopigwa pasi, akanisalimia kama siku zote. Nilimuuliza mbele ya wote aling'oaje mpaka wa baba bila mimi kujua.

"Lakini yaya, wewe ulijua," alisema, akiniita dada mkubwa kwa neno la kwetu. "Ile muti nilikuletea wewe mwenyewe, na ulipokea."

Nikasema ni uongo mtupu. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba walipokuta mti umekwisha ondoka, hata wao walikataa kushuhudia mauzo bila kusikia neno langu, na kwamba neno langu walilisikia. Mdogo wangu akatoa simu, akatafuta, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa sauti niliyomtumia kumshukuru, usingizi uliponirudia. Nilijisikia mwenyewe nikicheka:

"Muti ya mupaka nimeipokea, ndugu yangu. Aksanti sana. Sasa roho yangu imetulia, niko nalala muzuri."

Mdogo wangu akairudisha simu mfukoni. Kisha mzee akaniuliza kama sauti ile ni yangu, nami nikajibu kwamba ni yangu.