Uso wa Mutu wa Dhahabu

Tarehe tisa mwezi wa pili nilifiwa na bwana yangu kwa malaria, asubuhi, chai yake ikiwa bado mezani. Sisi tuko Goma, mama yake alikuwa Butembo. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa, tukamzika bila yeye.

Barabara ilipofunguka, mama mkwe alifika na begi moja na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao. Nilimpeleka makaburini. Alitazama lile rundo la mawe meusi, akamwaga pombe kidogo, akasema, "Hapa hana uso. Kesho unipeleke penye uso wake."

Nilijua anasema nini.

Bwana yangu alikuwa mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Alishusha viazi kutoka Munigi hadi mjini. Siku mafundi waliposimamisha ile sanamu ya mutu wa dhahabu na chukudu yake, alimpigia mama yake simu: "Mama, wamechukua sura yangu!" Ukweli ni kwamba fundi alimwita aondoe chukudu yake, ilikuwa inazuia ngazi. Nilikuwepo. Nilimwambia ataumbuka. Alinijibu kwamba Butembo ni mbali.

Sasa Butembo ilikuwa imelala kwenye kitanda changu.

Mimi uongo hunishinda. Nikijaribu, masikio yanawaka moto, na mama mkwe alilijua hilo tangu siku za mahari. Lakini nani atamwambia mama aliyekosa maziko kwamba hata huo uso haupo?

Basi nikamchelewesha. Nilimwambia Goma ni mji mkuu wa jimbo, mambo ya kuonwa ni mengi. Nilimpeleka Himbi kuona ziwa. "Ni maji," alisema. Nilimwonyesha nyumba iliyozikwa na lava, paa tu linachungulia. "Wangejenga ghorofa," alisema. Nikamtajia musée.

"Musée ni nini?"

"Nyumba ya kuwekea vitu vya wazee waliokufa."

"Mimi niko muzee na sijakufa. Twende kwa mutoto wangu."

Tukaenda. Sanamu iko katikati ya barabara, pikipiki zinaizunguka kama nyuki. Mama mkwe alivuka bila kutazama kushoto wala kulia, akaisalimia kwa Kinande, kwa sauti ya kuita mutu aliye ng'ambo ya bonde. Kisha akafungua kidumu akamwaga pombe chini ya miguu ya sanamu.

Polisi akaja mbio. "Mama, hapa hatumwagi pombe!"

"Nasalimia mutoto wangu."

"Mutoto gani?"

Akaonyesha juu.

"Huyu? Wa dhahabu?"

Motari mmoja akasimamisha pikipiki. "Mama, mwambie basi asogee, anatuzibia njia!" Wenzake wakacheka.

Polisi hakucheka. Alinigeukia. "Wewe, dada, ni kweli?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Masikio yakaanza kuwaka.

"Hapana," nilisema. "Si yeye. Walimwambia tu aondoe chukudu yake."

Mama mkwe hakunitazama. Alikuwa bado anaikagua sanamu, kichwa ameinamisha upande mmoja kama anayenunua mbuzi.

"Nimeona," alisema. "Mutoto wangu alikuwa na kidevu kama kisigino. Huyu ana kidevu cha mutu wa serikali."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka kilio, kile alichokosa kulia siku ya maziko. Polisi akabaki amemshikia kidumu, hajui akiweke wapi. Mama mkwe alipofuta macho akamwambia, "Onja." Akaonja. Halafu polisi mwenyewe akatupiga foto kwa simu yangu, sote wawili chini ya mutu wa dhahabu.

Jioni Butembo wakapiga simu. Ukoo mzima ulikuwa unauliza kama mama amemuona mutoto wake. Mama mkwe akanipa simu. "Ulizeni huyu. Huyu hawezi kudanganya."

Niliwaambia kwamba mama amefika kwenye sanamu, ameisalimia, na amelia. Upande wa pili wakapiga kelele za furaha.

Mama mkwe akachukua simu, akaikata, akanyoosha mkono akashika sikio langu.

"Ni baridi," alisema, akaenda kulala.