Siku Nilipomwakilisha Mama Prezida

Afadhali niwaeleze mwenyewe, kwa sababu mkingoja kuisikia kwa watu wa mtaa wa Nyamianda watawaambia nililia mbele ya bendi, na hiyo si kweli. Aibu niliyoipata inatosha bila kuongezewa chumvi.

Mnanijua. Nilirudi kutoka chuo kikuu na diploma moja na maswali elfu, na lililoniwasha zaidi ni hili: kwa nini kila tamasha hapa Uvira lazima lingoje mgeni wa heshima? Tangazo linasema saa nane, watu wanakaa, wapiga gitaa wanakaza nyuzi mara kumi, mchekeshaji anapiga miayo nyuma ya pazia, na hakuna kinachoanza kwa sababu kiti chenye kitambaa cheupe hakijapata mwenyewe. Asipofika hutuma mtu, na huyo mtu hupokewa kama yeye. Mimi nikashikilia kwamba watu wa protokole (wale vijana wenye utepe begani wanaoonyesha wageni viti) hawatazami mtu, wanatazama koti. Rafiki yangu Amisi akabisha. Basi Jumapili ile nikaazima koti la kaka yangu, tukaenda.

Furaha, mchumba wangu, hakuwa nasi. Alikuwa bandarini Kalundu kumpokea shangazi yake kutoka Kalemie, ambaye Jumamosi iliyofuata ndiye angesema kama posa yangu imekubaliwa au la. Sikuwahi kumwona. Nilijua tu kwamba kabla yangu alisharudisha vijana wawili.

Mlangoni kijana wa protokole, jasho likimtiririka, akalitazama koti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mukubwa, ni weye Mama Prezida ametuma?" (Mama Prezida ni kiongozi wa chama cha wamama wauza samaki, ndiye aliyengojwa.) Ningesema hapana, mambo yangeishia pale. Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, jamani, nilikiinamisha tu, ili Amisi aone.

Nikakalishwa kwenye kitambaa cheupe na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa furaha ya kweli, maana baada ya kungoja saa mbili, sasa muziki ungeanza. Ndipo nikakumbuka kwamba mgeni hutoa neno la kufungua. Mikrofoni ikafika mkononi mwangu, nikasema Mama anawasalimu, amezuiwa na malaria kidogo. Makofi tena. Ndagala, mchekeshaji mwembamba kuliko waya wa ile mikrofoni, akanijia: "Na Mama ametutumia nini, ao ametutumia koti tu?" Watu wakacheka, nami (makofi yanalevya, nimehakikisha) nikasema ametuma ng'ombe. Akauliza wa wapi. Nikasema wa Bijombo, kule milimani. Hapo bendi ikaanza bila kungoja ishara, wamama wakasimama, nikavutwa kufungua dansi, nikacheza, tena vizuri, koti likipepea, na mimi niliyezoea kusema kwamba watu hucheka ovyo kwa sababu wamekwisha kulipa kiingilio, nakiri sijawahi kufurahi vile.

Wimbo wa pili ulikuwa umefika katikati nilipomwona Furaha mlangoni, amebeba mkoba usio wake, na mbele yake mama mmoja mnene, mwenye afya tele. Kijana wa protokole akamkimbilia kumpa pole ya malaria na shukrani ya ng'ombe. Bendi ikanyamaza, chombo kimoja kimoja. Furaha akanitazama, akalitazama koti, akajificha uso kwa ule mkoba, na hapo nikaelewa kwamba Mama Prezida ndiye shangazi yake. (Kwao wanamwita Shangazi tu, na mimi, bwana wa maswali, sikuwahi kuuliza anafanya kazi gani.)

Ndagala akampa Shangazi mikrofoni.

"Njo minye niko na malaria?" akauliza, akijigusa kifua. "Na ng'ombe iko wapi?"

Nikasema yote: koti la kaka, ubishi wa Amisi, kichwa changu kilichoinama mlangoni. Nilingoja kufukuzwa ukumbini, na kwao Furaha pia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaketi kwenye kiti chake, kisha akaniambia niendelee kucheza, kwani mtu hawakilishwi nusu. Nikacheza wimbo mzima peke yangu, watu wakilia kwa kicheko, na Ndagala akaketi chini akasema leo hana kazi.

Jumamosi wazee wetu wakaketi sebuleni kwao, mimi nikitazama sakafu. Shangazi akasema posa ameikubali; mtu anayeungama kosa lake mbele ya ukumbi mzima hatamficha mke wake mambo. Wazee wakashusha pumzi.

"Lakini neno lilitoka kwa jina langu," akasema, "siwezi kulirudisha. Kwa mahari mutaongeza ng'ombe moja. Ya Bijombo. Ile bendi itaikula siku ya ndoa."

Baba akanigeukia polepole. Sikuwa nimemwambia.

Ng'ombe mwenyewe ameshateremshwa kutoka milimani, yuko nyuma ya nyumba yetu anamaliza mihogo ya mama, na baba amempa jina langu. Bado nasema kuhusu koti sikukosea. Ila siku hizi naenda kwenye tamasha na shati tu, nakaa nyuma kabisa, na kijana wa protokole akinikaribia namjibu kwa mdomo, kabla hajauliza: minye ni mutazamaji.