Pasi Ndani ya Mashine ya Vifaranga

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Gawanya, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya umeme vyenye moto: pasi, majiko, birika, hita za kuogea. Ukimpelekea pasi iliyougua, haigusi skrubu hata moja kabla hajakuuliza inavuta ampea ngapi. Wewe utajulia wapi? Basi anaipima mwenyewe, anatazama dari, midomo inacheza, halafu anasema, "Volti gawanya kwa ampea." Jina likatokea hapo. Jibu analopata ndilo ukinzani, yaani ubishi wa waya, jinsi unavyoukatalia umeme usipite ovyo. Waya mbishi hupitisha umeme kidogo, waya mpole huachia mwingi. Alikuwa akiyaeleza hayo kwa raha, kama mtu anayesimulia tabia za wajomba zake.

Na nyumbani kwake hapakuwa na chombo asichokijua. Angekuwa usingizini ukamuuliza birika, angekutajia ampea zake bila kufumbua macho.

Asubuhi ya siku moja ya mapumziko, maduka yote ya vifaa yamefungwa, shemeji yake, mke wa mdogo wake, alimjia mbio. Mguu mmoja kiatu chake, mguu wa pili kiatu cha mumewe.

"Shemeji, nimekwisha! Vifaranga wangu!"

"Wamefanyaje?"

"Wamo ndani ya mayai wanalia, wanataka kutoka, na mashine nimeizima. Ilikuwa inawachemsha!"

Gawanya hakuuliza zaidi. Vifaranga waliofikia kulia ndani ya ganda hawana subira. Wakipoa, wanafia humo humo. Alichukua mita yake ya kupimia umeme akamfuata.

Mdogo wake alikuwa amesimama kando ya mashine yenyewe, sanduku la mbao la kuangulia mayai, koleo mkononi, na uso wa mtu aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Kaka, koili, ule waya wa moto, imekatika asubuhi. Nikatupa kipande kilichoungua, nikaunganisha ncha. Nikaona waya umekuwa mfupi, nikasema afadhali, utakula umeme kidogo."

Kosa hilo, jamani, lina wenyewe wengi. Koili ya jiko ikikatika, watu wanaivuta, wanaifunga, wanamshukuru Mungu. Jiko linawaka vizuri kuliko jana, wanafurahi, halafu baada ya muda linaungua tena, na wanamlaumu aliyeliuza.

"Mdogo wangu," Gawanya alisema kwa upole, "waya ndio ubishi wenyewe. Ukiukata, umepunguza ubishi. Umeme sasa unapita kama harusini."

Akachomeka kidogo tu, akasoma mita, akachomoa. Ampea moja na nusu. Kibandiko cha ubavuni kilisema volti mia mbili na arobaini, wati mia mbili na arobaini. Kwa hiyo mashine ilitakiwa ivute ampea moja, basi.

"Mia mbili na arobaini gawanya kwa moja na nusu, ubishi ni omu mia na sitini. Zilikuwa mia mbili na arobaini. Umetupa theluthi nzima ya waya! Sasa wewe zidisha, volti mara ampea, tupate wati."

Mdogo wake akaandika hewani kwa kidole. "Mia tatu na… sitini."

"Ndiyo hiyo. Kidhibiti joto kinakata, lakini waya umeshakuwa mwekundu, joto linazidi kupanda."

"Mtasoma baadaye!" shemeji alikemea, viganja vyake juu ya mayai. "Wanapoa hawa. Waya mpya unao?"

"Umeniishia. Lakini hatudaiwi waya mpya, tunadaiwa omu themanini." Akatazama dari. Pasi za kazini kwake zote zilikuwa kubwa, za ampea nne, tano. Ubishi wao haufiki. Kisha akacheka peke yake. Kilichokuwa na omu themanini kamili kilivuta ampea tatu, nacho kilikuwa nyumbani, mkononi mwa mkewe.

Mkewe mshonaji alikuwa ananyoosha mshono wa suruali alipoona plagi inachomolewa.

"We mwanaume! Hiyo natumia!"

"Naiazima, mama."

"Unakwenda kupiga pasi nini?"

"Mayai."

Mkewe akamfuata nyuma, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, aone kichaa hicho kinaishia wapi.

"Iweke nje, kaka, itawachoma," mdogo wake alisema.

"Ikikaa nje inatuibia. Koili itatoa wati mia na sitini, pasi themanini. Nazitaka zote humu ndani." Akailaza pasi juu ya tofali chini kabisa, mbali na trei ya mayai, akazungusha kitufe chake hadi mwisho isije ikajikata. Akaiunganisha na koili moja nyuma ya nyingine, umeme ukitoka huku uingie kule. Kabla ya kugusa swichi akasema, "Itasoma moja. Ikizidi, jina la Gawanya mpeni mbuzi."

Akawasha. Mshale wa mita ukapanda, ukasimama kwenye moja, pungufu kama unywele.

Kipimajoto kikaanza kupanda taratibu. Kikafika kwenye alama, kidhibiti kikakata. Joto likasogea kidogo, likarudi, likatulia. Lakini mayai yalikuwa kimya. Mdogo mtu akafungua mdomo.

"Nyamaza!" shemeji alisema, sikio kwenye mbao.

Ndani kukasikika sauti nyembamba, ikajibiwa na nyingine. Ganda moja likapasuka, kikatokea kidomo, halafu kichwa kilicholowa. Shemeji akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

"Sasa pasi yangu inatoka lini?" mshonaji aliuliza.

"Wa mwisho akishakauka."

Mkewe alivuta kigoda akakaa kusubiri, akihesabu nyufa kwa sauti, na kila ganda lililopasuka alilishangilia kuliko mwenye mayai.