Binti Yangu Humfuata Kila Anayemwitikia Salamu

Admin, jina langu lifiche, maana hapa Kihesa mdomo wangu unajulikana kuliko sura. Nina miaka 49, nauza maharage sokoni. Ni mcheshi kiasi kwamba hata msibani nafuatwa nikachangamshe watu. Ucheshi huo ndio umeniponza.

Binti yangu wa mwisho ana miaka 15. Mwili wa mwanamke, akili ya mtoto mdogo. Anasoma kitengo cha wenye mahitaji maalumu. Hakuwahi kutamka neno mpaka mwaka jana, mwalimu wake alipomfundisha "kamwene", salamu yetu Wahehe. Siku aliponisalimia nililia mpaka mboga ikaungulia jikoni.

Shida ni kwamba sasa anasalimia kila mtu, na akiitikiwa anamfuata huyo huyo. Mwezi uliopita tulimkuta Ipogolo, kule barabara kuu, ndani ya lori la kwenda Mbeya, amekaa kiti cha mbele kama bosi, anatafuna hindi la kuchoma. Dereva aliapa kwamba alimwonea huruma tu. Mimi sijui.

Wiki mbili zilizopita tukaitwa wazazi kupanga malengo ya muhula. Nikasimulia habari ya lori, na mimi nilivyo, ikatoka kichekesho. Wakacheka hadi mwalimu mkuu. Kisha mwalimu wake akasoma lengo: awape wageni mkono na kuwakaribisha.

Nikasema, "Mwalimu, naomba afundishwe kukataa."

"Mama, nimehangaika kumtoa kwenye ukimya. Leo unataka nimrudishe?"

"Sitaki anyamaze. Nataka asibebwe."

"Mama huyu naye!" mzazi mmoja akadakia. Wakacheka tena, kikao kikaendelea kwa mtoto mwingine.

Mwalimu simlaumu, anampenda kweli. Ila jioni barabarani hayupo.

Baba yake yuko kikazi Ilomba, Mbeya. Nilipompigia akasema, "Mfungie ndani. Shule imemharibu."

Nikaamua kumfundisha mwenyewe. Akimsalimia mtu njiani, nampiga kofi dogo mkononi: "Hapana!" Kumbe hawezi kutenganisha watu. Sasa hasalimii yeyote. Asubuhi namwambia, "Kamwene, mwanangu," anaficha mikono mgongoni.

Nikimrudisha shule ataanza tena kusalimia, na siku moja tutachelewa kufika Ipogolo. Nikimwacha nyumbani, ndiyo basi, neno lake moja limekwisha.

Leo sijampeleka. Nimekaa nje ya mlango, yeye yuko ndani, ufunguo ninao. Wenye watoto kama wangu, nishaurini kabla sijazoea.