Ugoro Siku ya Ubatizo

Wenzangu, nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Sabato iliyopita nilibatizwa mtoni hapa Manga. Tulifundishwa kwamba aliyeokoka hagusi tumbaku, nami nikamwambia mchungaji nimeiacha. Nilikuwa nimeiacha kweli, ila asubuhi hiyo nilifunga ugoro kidogo kwenye kitambaa cha kichwa, wa kunituliza hofu. Nilidhani maji yangefika mabegani tu. Mchungaji akanizamisha mzima. Nilipoinuka, maji ya kahawia yalinitiririka usoni hadi kwenye gauni jeupe, na watu wakaacha kuimba.

“Mama, ni dhambi hizo zinazotoka?” mchungaji aliniuliza kwa upole.

Nilitaka kuitikia, lakini mama mkwe wangu, ambaye hasali popote, alinitangulia kujibu kutoka ukingoni.

“Hapana, mchungaji. Huo ni ugoro wangu.”