Marashi Siku ya Kuanua Matanga

"Mtakatifu Antoni kageuka! Njooni mtazame wenyewe kama nasema uongo!" Fidelina alikuwa kasimama katikati ya jiko, mwiko wa wali mkononi kama askari na bunduki. "Jana alikuwa anatazama mlangoni, leo anatazama ukuta. Kwa nini? Hapumui, masikini! Siku tisa anafukizwa! Na kaka yangu huko kaburini, haki ya Mungu, anapiga chafya."

"Wifi, wewe ndiye uliyemgeuza," alisema Zunilda, bila kuinua macho kwenye vikombe alivyokuwa anavifuta. "Asubuhi, ulipokuwa unaipangusa sanamu vumbi."

Wanawake waliokuja kusaidia kuchambua njegere wakainamisha vichwa. Kucheka matangani si adabu, lakini mabega yao yalikuwa hayajui adabu.

"Ananijibu! Mjane ananijibu!" Fidelina akawageukia wale wanawake. "Hapa Moca tumezika wangapi? Nani kati yenu amewahi kuona mjane anajimwagia marashi na udongo wa mumewe bado mbichi? Mjane hagusi poda. Mjane hachani nywele akapendeza. Kioo kakifunika shuka, sawa. Redio kaigeuzia ukuta, sawa. Halafu yeye mwenyewe ananukia kama bibi harusi! Unamnukia nani, Zunilda? Mume gani unamtafuta kwenye msiba wa kaka yangu?"

Hata mabega yakatulia.

"Aliyapenda," alisema Zunilda.

"Basi mpelekee makaburini! Ukamwagie kulekule!"

Zunilda akaweka kikombe, akachukua kingine. Angeweza kusema neno moja tu likamziba wifi yake mdomo mpaka Krismasi. Ila neno lenyewe ndilo alilokuwa analificha kwa marashi.

Maana ukweli wa yale marashi ni huu. Marehemu Librado alikuwa dereva wa lori la kakao. Anapakia magunia hapa, anavuka milima, anashusha bandarini Puerto Plata, analala huko, anarudi. Na mtu wa kakao ananuka, wala si tusi: ule uchachu wa kakao iliyovundikwa, juu yake dizeli, juu ya dizeli jasho. Zunilda alikuwa kazoea. Yeye ni mshonaji, anashona magauni ya komunyo ya kwanza, na nguo za Librado alizifua mbali na vile vitambaa vyeupe zisije zikaviambukiza.

Sasa jioni moja, miaka hiyo mama mkwe yuko hai, Librado karudi, kainama mbele ya mama yake kuomba baraka, kama mtoto yeyote mwenye malezi. Yule bibi macho yalikuwa yamekwisha, lakini pua alikuwa nayo ya mbwa wa kuwindia. Akamshika kichwa.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. Akanusa. Akanusa tena. "Mbona unanukia mwanamke?"

Fidelina alikuwepo, anakula. Mteja mmoja alikuwepo, kamleta binti yake kupimwa gauni. Librado akabaki kainama vilevile, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

"Ni mimi, mama," alisema Zunilda, pini mdomoni. "Nimenunua marashi mapya. Yatakuwa yamemshika alipoondoka."

Hakujua yale maneno yametoka wapi. Yalitoka tu, kama mtu anavyonyosha mkono sahani inapoanguka.

"Hebu nikunuse," alisema Fidelina.

"Nimeshaoga, wifi. Kesho."

Na kesho ikabidi iwepo. Asubuhi Zunilda akalitia shati la mumewe kwenye mfuko, akaenda famasi ya pale kwenye bustani, akaanza kunusa. Anachungulia mfukoni, ananusa chupa. Anachungulia mfukoni, ananusa chupa. Mwenye duka akadhani ana paka mle ndani. Mwishoni akapanda ngazi akashusha chupa moja ya rafu ya juu, imejaa vumbi, ina mabega mapana kama padri aliyeshiba. "Haya ni ya kizamani," akamwambia. "Wasichana hawayataki." Zunilda akafungua. Kwanza waridi, halafu yale maua madogo ya zambarau yanayojificha chini ya majani, halafu nyuma yake poda, poda tupu, kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ndiyo yenyewe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yalikuwa mazuri. Angekuta mwenzake ananukia vibaya, angalau angepata pa kucheka.

Librado aliporudi safari iliyofuata, alifika mlangoni akasimama. Kofia mkononi, pua juu. Akamtazama mkewe. Zunilda akamtazama. Chakula kilikuwa mezani, akaketi akala, akaomba na ukoko. Hawakulizungumza siku ile wala siku nyingine yoyote. Ila tangu hapo Librado akawa analala fofofo, hana tena kujigeuzageuza, na Zunilda yuko macho kando yake, akisikiliza amani aliyomnunulia mwenyewe kwa jasho la cherehani.

Mengine yalijipanga yenyewe. Marashi yakaingia kwenye marinda ya magauni, akina mama wakawa wanajua: hii imepita kwa Zunilda. Wakaanza kumuonea wivu. "Mpaka leo bado anakununulia! Wangu hata sabuni hakumbuki!" Zunilda mwanzoni alitabasamu tu. Halafu akaanza kuitikia, "Ndiyo, ananiletea." Uongo ukishaota meno unataka nyama. Miaka ikapita, Moca nzima ikajua kwamba dereva wa kakao, mtu mwenye mikono kama magome, alikuwa anampenda mkewe kwa marashi. Na kwa mwanamke asiyejaliwa mtoto, jina la kupendwa si dogo. Zunilda alitembea nalo kanisani kama wengine wanavyotembea na watoto wao.

Ya mke mwenzake alikuwa hajui kitu. Jina hajui, sura hajui. Alijua vifungo tu. Kifungo cha shati kikidondoka safarini, kilirudi kimeshonwa uzi mara mbili, kwa msalaba, kama mtu anayefunga gunia. Kwa macho ya mshonaji, ule ulikuwa ushenzi. Lakini havikutoka tena.

Halafu moyo wa Librado ukasimama, lori limeegeshwa, usukani mkononi. Na Zunilda, hata kabla ya kulia vizuri, akapiga hesabu yake. Nyumba ndogo haji mazikoni, ataonekana. Anakuja siku ya tisa, siku ya kuanua, watu wamejaa, wengine wametoka mbali, nani atamuuliza nani? Na atakuja ananukia, kwa sababu nyumba ndogo hana matanga, hakuna wifi wa kumkataza. Ataingia, na pua ya mama mkwe, ambayo yule bibi alimrithisha Fidelina pamoja na mdomo, itainuka. Itakumbuka ile jioni. Dawa ilikuwa moja tu: nyumba iwe imejaa harufu hiyohiyo mpaka ya mgeni isitambulike. Kwa hiyo kila asubuhi mjane alijimwagia shingoni, viganjani, kwenye pindo la gauni jeusi, akatoka kutukanwa.

Alasiri watu wakajaa. Madhabahu ya ngazi tatu ilikuwa imetandikwa shuka nyeupe, mishumaa, na picha ya Librado akiwa na masharubu aliyoyanyoa zamani. Bi Casimira, msomaji rozari wetu, ambaye hukimbiza Salamu Maria kama anadaiwa, akaanza. Watu wakaitikia. Zunilda, kiti cha mbele, hakuwa anaitikia. Alikuwa ananusa.

Hakusikia harufu ngeni. Poda yake mwenyewe, nta, kahawa. Akaanza kuona aibu kidogo, labda hakuja. Ndipo akageuza kichwa.

Kwenye safu ya mwisho, kati ya kofia za wanaume, alikuwa amepiga magoti mwanamke asiyemjua. Si kisichana alichokuwa anakiwaza miaka yote. Mtu mzima kama yeye, mnene, kachoka. Nguo nyeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, kitambaa cheusi kichwani, nywele hazijaguswa na kitana, masikioni hana hata pini. Machozi yanamtoka bila sauti. Na vifungo vya blauzi yake vilikuwa vimeshonwa kwa msalaba, uzi mara mbili.

Zunilda akarudisha uso mbele. Yule mtu alikuwa amekaa matanga. Peke yake, huko kwao, hana wifi wa kumfokea wala shoga wa kumletea chai ya tangawizi, kayakaa sawasawa. Kaacha marashi. Na yeye, mke wa ndoa, nyumbani kwake, chini ya picha ya mumewe, ananukia kama anakwenda dansi.

Sala zikaisha. Bi Casimira akazima mishumaa, madhabahu ikashushwa ngazi kwa ngazi, kahawa ikaanza kuzunguka. Mwanamke akapenya watu, akaja mpaka mbele ya Zunilda. Alinuka sabuni ya kufulia, basi.

"Pole sana, bibi," akasema, akamshika mkono.

"Asante."

Hakuuachia mkono mara moja. Halafu pua yake ikatikisika. Akavuta pumzi, polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye nyumba ya watu. Akauachia mkono.

"Wewe mama hatukujui." Fidelina huyo, alipotokea hajulikani. "Umetoka kwa nani?"

"Puerto Plata. Naitwa Nereida. Nauza chakula pale malori yanaposhusha. Marehemu alikuwa anakula kwangu."

"Ah, mama ntilie wake! Mungu akubariki. Umemlilia vizuri, nimekuona. Na umevaa kimsiba kuliko wenye msiba." Hilo la mwisho lilirushwa pembeni, likampata aliyekusudiwa.

Nereida hakucheka. Macho hayakutoka kwa Zunilda. "Samahani, bibi. Hayo marashi..."

"Usianze!" Fidelina akadakia. "Tumegombana nayo siku tisa!"

"Nataka kujua tu. Ni yeye aliyekuwa anakununulia?"

Zunilda akafungua mdomo. Miaka yote lile jibu lilikuwa linatoka lenyewe.

"Yeye, sasa nani mwingine?" Fidelina akajibu, kifua mbele. Ugomvi wa asubuhi ulikuwa umeshasahaulika, hapa inaulizwa heshima ya kaka yake. "Mimi namgombeza kwa kuyavaa msibani, siyo kwa kununuliwa. Moca nzima inajua. Yakikaribia kuisha, Librado huyo, chupa hiyo! Chupa ileile, maisha yake yote, hajawahi kukosea. Mwanamume wa hivyo ana macho ya mwanamke mwingine? Mwanamume wa hivyo kapenda. Au siyo, mama?"

"Kapenda," alisema Nereida, taratibu, kama anaitikia rozari. Akatafuta mgongo wa kiti akaushika. "Mimi alinambia ananinunulia mimi peke yangu..." Hakumalizia. Vidole vyake vilipanda kwenye kifungo cha juu cha blauzi vikaanza kukizungusha, kikagoma kutoka. "Bibi. Niambie wewe mwenyewe. Ni kweli?"

Fidelina alikuwa anatazama, kidevu juu, anasubiri wifi yake aitikie tu kwa kichwa. Wanawake wa jikoni nao walikuwa wamesogea. Kuitikia kwa kichwa si kazi. Zunilda alikuwa kaitikia mbele ya nusu ya mji, kanisani, sokoni, pini mdomoni. Lakini leo, akiitikia anamnyang'anya huyu mtu marehemu wake, akikataa anajinyang'anya jina lake mwenyewe.

Akainama, akachukua sinia la vikombe vitupu. Akapita kati ya watu. Akakipita kioo kilichofunikwa, akaipita redio iliyogeuziwa ukuta, akalipita jiko lenyewe ambako sinia lilikuwa linatakiwa, akatokea mlango wa uani.

"Zunilda!" Fidelina akaita. "We Zunilda! Si mtu anakuuliza?"

Alikuwa ameshafika barabarani, sinia mikononi, vikombe vinagongana, anakwenda.